Kwenda Angani ni Shilingi Ngapi? Hesabu ya Mtoto wa Kilo 30

Mtoto akishaona filamu ya anga huuliza kwanza umbali, kisha nauli. Kwenye filamu yote mawili hayana shida: nahodha anabonyeza kitufe, nyota zinageuka mistari ya mwanga, na dakika hiyohiyo wamefika sayari nyingine. Mzazi anayeulizwa hujibu "mbali sana" na "ghali sana", mazungumzo yakaishia hapo. Hakudanganya, ila amejibu kivivu. Namba zipo, na kwa maoni yangu zinashangaza kuliko filamu yenyewe.

Tumchukue basi mtoto wa darasa la tano mwenye uzito wa kilo 30. Tumpakie, tumrushe, halafu tusome bili.

Tuanze na umbali, maana ndipo hata watu wazima wanapopotea. Mpaka wa anga unaokubalika na wengi, yaani mstari wa Kármán, uko kilomita 100 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni kama safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kikiwa kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Kikipita juu ya Mombasa, wanaanga walio ndani yake wako karibu zaidi na soko la Kongowea kuliko mtu aliyesimama katikati ya Nairobi, kwa sababu barabara ya kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 480.

Kama ni karibu hivyo, mbona hatuendi? Kwa sababu kazi haiko kwenye kupanda, iko kwenye kutoanguka. Kitu ukikifikisha kilomita 400 juu na kukiachia hapo, kinarudi chini. Ili kibaki juu lazima kikimbie kuizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunde, karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, Mombasa hadi Nairobi ni dakika moja na sekunde chache. Bei zote za anga utakazozisoma hapa chini zinatokana na kasi hiyo. Kimo chenyewe kinachangia kidogo tu.

Sasa bili ya kwanza, ile ambayo maumbile yenyewe yangetuandikia. Kilo moja ikiwa kwenye mzingo wa kilomita 400 imebeba nishati ya takriban megajuli 33: nyingi, kama 29, ni za mwendo, na zilizobaki ni za kupandishwa. Megajuli 33 ni sawa na yuniti 9 za umeme na kitu kidogo. Mtoto wa kilo 30 anahitaji yuniti 275 hivi. Nyumba ya Dar es Salaam inayonunua LUKU kwa shilingi 356 kwa yuniti ingelipa chini ya shilingi 100,000. Kinadharia, basi, ungekuwapo mtambo wa kubadilisha umeme wote kuwa mwendo bila kupoteza hata kidogo, mzazi angempeleka mwanawe angani kwa pesa ambayo haitoshi kulipia hata karo ya muhula kwenye shule nyingi za binafsi.

Mtambo huo haupo. Tukirudi kwenye soko halisi, vyombo vya Space Shuttle vya Marekani vilibeba mizigo kwa gharama inayokadiriwa kuwa dola 54,500 kwa kilo. Roketi ya Falcon 9 iliishusha hadi kama dola 2,700 kwa kilo. Mtoto wetu, akihesabiwa kama mzigo mtupu, ni dola milioni 1.6 kwa bei ya Shuttle na dola 81,000 kwa bei ya Falcon 9. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania, bei hiyo ya pili inazidi shilingi milioni 200. Na ni bei ya jumla, ya mtu anayekodi roketi nzima na kuijaza. Anayeomba nafasi kwenye safari ya kuchangia alikuwa analipa, mwaka 2024, kuanzia dola 300,000 kwa kilo 50 za mwanzo, akizijaza asizijaze.

Zaidi ya hapo, mtoto si mzigo. Anapumua, anakula, na lazima arudi nyumbani. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kujilipia safari ya angani, alitoa takriban dola milioni 20 mwaka 2002. Miaka michache iliyopita NASA ililipa karibu dola milioni 90 kwa kiti kimoja cha Soyuz ya Urusi, na kiti cha Crew Dragon kilikadiriwa na wakaguzi wa NASA wenyewe kuwa dola milioni 55. Kutoka shilingi 100,000 za LUKU hadi dola milioni 55: mwanya huo ndio historia nzima ya safari za anga, na walioanza kuuziba walikuwa watoto waliosoma hadithi.

Mwaka 1865 Jules Verne wa Ufaransa alichapisha riwaya ya watu watatu waliorushwa mwezini kwa mzinga mkubwa uliochimbiwa ardhini huko Florida. Verne alipenda hesabu na aliziweka humo bila haya: mzinga wenye urefu wa futi 900, yaani mita 274, na kasi ya kutokea karibu kilomita 11 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sahihi kabisa, ndiyo inayohitajika kuiaga dunia. Kilichomponyoka ni abiria. Ili kufikia kasi hiyo ndani ya mita 274, lazima waongezewe mwendo kwa nguvu inayozidi uvutano wa dunia zaidi ya mara 22,000. Mtoto wetu wa kilo 30 angehisi ana uzito wa tani 660. Asingefika mdomo wa mzinga, sembuse mwezi.

Lakini kitabu hicho kilimfikia kijana wa Kirusi aitwaye Konstantin Tsiolkovsky, aliyepoteza karibu usikivu wote utotoni baada ya homa kali na ambaye sehemu kubwa ya elimu yake aliipata vitabuni. Alikiri mwenyewe baadaye kwamba Verne ndiye aliyemwasha. Mwaka 1903 alichapisha fomula ambayo hadi leo hakuna roketi iliyoikwepa, na ndiyo inayoeleza kwa nini bili yetu ni nene hivi. Roketi hubeba mafuta yake, na mafuta yana uzito, kwa hiyo yanahitaji mafuta mengine ya kuyabeba, na hayo nayo vivyo hivyo. Gesi ya injini inayochoma mafuta ya taa na oksijeni hutoka kwa kasi ya kilomita tatu na nusu hivi kwa sekunde. Chombo, ukijumlisha kinachopotea kwa kupambana na hewa na uvutano, kinahitaji zaidi ya kilomita tisa. Weka namba hizo kwenye fomula na utapata jibu la kuvunja moyo: kwa kila kilo inayofika juu, kilo kama 15 zinateketea njiani. Na hiyo moja inayofika ina matangi na injini ndani yake. Ndiyo maana roketi hujengwa kwa hatua, na kila hatua ikimaliza mafuta hutupwa, ili isiendelee kubebwa bure.

Falcon 9 ina tani 549 ikiwa inaondoka, na ikitumika bila kuokoa sehemu yoyote inafikisha tani 22.8 kwenye mzingo wa chini. Ni asilimia nne. Saturn V, roketi ya safari za mwezini, ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito wa karibu tani 2,900. Kilichorudi baharini kilikuwa kibweta cha tani tano na ushei chenye watu watatu ndani.

Miaka michache kabla ya fomula ya Tsiolkovsky kuchapishwa, huko Massachusetts, mvulana wa miaka 17 aitwaye Robert Goddard alipanda mcheri wa nyumbani kwao kukata matawi makavu. Ilikuwa tarehe 19 Oktoba 1899. Alikuwa amesoma riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi kutoka Mirihi, na akiwa mtini akawaza chombo cha kumfikisha huko. Aliiadhimisha tarehe hiyo maisha yake yote. Machi 1926 alirusha roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya majimaji: ilipaa kwa sekunde mbili na nusu, ikafika mita 12 juu, ikaangukia umbali wa mita 56. Kutoka mita 12 hadi mwezini ni kilomita 384,400, na binadamu waliumaliza mwanya huo kwa miaka 43.

Kwa pesa ipi? Mpango wa Apollo ulikula takriban dola bilioni 25.8 za wakati ule, ambazo kwa thamani ya mwaka 2020 ni kama bilioni 257. Mwaka 1966 NASA peke yake ilichukua asilimia 4.4 ya matumizi yote ya serikali ya Marekani. Leo haifikii nusu ya asilimia moja. Watu 12 walikanyaga mwezi, kwa hiyo kila mmoja aligharimu zaidi ya dola bilioni mbili za enzi hizo. Walirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Ukigawanya, ni dola milioni 67 kwa kilo. Hesabu hiyo ya mwisho si ya haki sana, maana hawakutumwa kokoto. Lakini mtoto akiuliza kitu ghali kuliko vyote alivyowahi kubeba binadamu mkononi, mwambie.

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kilikuja chenyewe. Kina takriban tani 16 za chuma na nikeli. Kukirudisha juu kwa bei ya jumla ya Falcon 9 kungegharimu zaidi ya dola milioni 43. Mtoto wa Mbozi anaweza kukigusa kwa kiganja.

Afrika nayo ilipeleka ombi lake la pesa. Mwaka 1964, Zambia ikiwa inapata uhuru, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba taasisi yake itawatanguliza Wazambia mwezini kabla ya Wamarekani na Warusi. Aliwafunza vijana wake kwa kuwatia ndani ya pipa la mafuta na kulibingirisha mteremkoni, na akamteua msichana wa miaka 17, Matha Mwamba, aende Mirihi pamoja na paka. Aliliomba shirika la UNESCO pauni milioni saba. Hakupewa. Waandishi wa nje walimcheka, na wapo wanaoamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwacheka wao. Vyovyote iwavyo, tazama kiasi: pauni milioni saba wakati ule zilikuwa dola milioni 19.6, haifiki sehemu moja kwa elfu ya gharama ya Apollo. Kilichokuwa cha kuchekesha kwenye ombi hilo ni udogo wake.

Wakati huohuo huko Marekani hadithi ilikuwa inatengenezwa kwa fungu la pesa dogo vilevile. Septemba 1966 televisheni ilianza kuonyesha Star Trek, na kwenye chombo chake alikuwamo afisa mawasiliano Mwafrika, Uhura, ambaye jina lake limetoholewa kutoka neno letu uhuru. Vipindi vilikuwa 79, kila kimoja kikigharimu takriban dola 180,000 hadi 200,000. Jumla yake ni kama dola milioni 15. Mmoja wa watazamaji alikuwa msichana wa Chicago ambaye hajatimiza miaka 10, Mae Jemison.

Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, hakuishia kwenye kuigiza. Mwaka 1977 NASA ilimpa kazi ya kuwashawishi wanawake na watu wasio wazungu waombe uanaanga. Maombi yaliyoingia yalizidi 8,000, wakachaguliwa 35, wakiwamo Sally Ride na Guion Bluford. Jemison, aliyekuwa amekwisha kuwa daktari, alichaguliwa katika kundi la mwaka 1987, na tarehe 12 Septemba 1992 akaruka na Endeavour, mojawapo ya vyombo vya Shuttle, kwa karibu siku nane, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika angani. Ukichukua gharama yote ya mpango wa Shuttle na kuigawa kwa safari zake, kila safari ilikula kama dola bilioni 1.5. Kwenye safari hiyo walikuwa watu saba, hivyo kila mtu ni zaidi ya dola milioni 200. Star Trek nzima, hata ukiizidisha mara saba ili kufidia mfumuko wa bei, ni dola milioni 105. Nusu ya kiti kimoja, vipindi vyote 79.

Pwani yetu ilikuwa kwenye mchezo huo mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano chini ya profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zikarushwa kutoka hapo. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni hesabu tupu. Dunia inapojizungusha, ikweta hukimbia kuelekea mashariki kwa mita 465 kwa sekunde. Roketi inayoondoka Ngomeni kuelekea mashariki inapewa mwendo huo bure, kama asilimia sita ya kasi inayohitajika. Cape Canaveral inapata mita 408. Tofauti si kubwa, lakini kwa chombo kinachotakiwa kuzunguka juu ya ikweta yenyewe, Florida ingelazimika kuchoma mafuta mengi ya ziada kwa ajili ya kukipindisha njia tu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ikaondoka hapo setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 142, ikapewa jina Uhuru. Ni kama watoto wetu watano, kasoro kilo chache. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kabla yake vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na 339, na data zake zilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa kilo 142 hiyo ni faida ambayo Apollo, kwa upande wa sayansi tupu, ingeionea wivu.

Tumesharuka juu. Mtoto sasa anataka nyota, kama kwenye filamu, na hapa sina budi kumkatisha tamaa kwa namba. Chombo cha Voyager 1 kiliondoka Septemba 1977 na kinakimbia kilomita 17 kwa sekunde. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 katika sekunde hiyohiyo. Kwa hesabu za NASA, chombo hicho kinatimiza umbali wa siku moja ya mwanga mnamo Novemba 2026, baada ya miaka 49 ya safari. Nyota jirani yetu ya kwanza baada ya Jua, Proxima Centauri, iko miaka 4.24 ya mwanga, ambayo ni siku 1,548. Zidisha kwa 49 na unapata karibu miaka 76,000 njiani. Kitufe cha nahodha kinaruka namba hiyo, na ndiyo maana filamu inaisha kwa saa mbili.

Ila gharama yake itazame. Voyager zote mbili, kuanzia mwaka 1972 zilipoidhinishwa hadi Voyager 2 ilipoipita Neptune mwaka 1989, zilikula dola milioni 865, pamoja na roketi na mawasiliano. Wagawie Wamarekani hesabu hiyo: senti 20 hivi kwa kila mmoja kwa mwaka. Kila chombo kimebeba santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, umo. Kiswahili hakimo.

Basi turudi na kipimo hicho cha Voyager, bei kwa kichwa, tukipime kwetu. Mei 2018 mchemraba wa sentimita 10 kila upande, 1KUNS-PF wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitolewa angani kutoka chumba cha Kijapani cha Kituo cha Kimataifa, bila nauli, kwa sababu ulishinda nafasi ya mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. Rwanda ikafuata mwaka 2019, Uganda 2022 kwa setilaiti iliyoundwa na wahandisi wake watatu waliosomea Japani. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1 kwa Falcon 9 kutoka California. Gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 50 za Kenya, kutengeneza na kurusha. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6.

Ni shilingi moja na senti tano kwa kila Mkenya, mara moja, si kila mwaka. Kwa hiyo anayesema anga ni anasa ya matajiri sasa anatakiwa aseme ni anga ipi. Kiti cha dola milioni 55 ni anasa, na Mirihi tuwaachie wenye mabilioni kwanza. Setilaiti ndogo ya kutazama mashamba na mito yetu si anasa. Wizara zinazopanga bajeti Dodoma, Nairobi na Kampala zikishatenga fungu la setilaiti, naziomba zitenge na shilingi moja ya nchi yao kwa kila raia, iende kwenye hadithi za anga za watoto zilizoandikwa kwa Kiswahili, zichapwe kwa wingi na zifike maktaba za shule za msingi. Kwa Tanzania peke yake, yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, hiyo ni shilingi milioni 61.7 za Tanzania: haifiki theluthi moja ya nauli ya mzigo wa kilo 30.